Mlango Uliopigiliwa Mbao

Mlango wa mbele wa nyumba yetu ya Ufukoni ulivunjwa asubuhi aliyofariki baba. Mama alikuwa Mahurunga kwa dada yake, wakipalilia mpunga. Baba alipokosekana msikitini alfajiri, jirani wa nyumba ya pili alikuja kumgongea. Hakujibiwa. Akausukuma mlango kwa bega mpaka ukapasuka, komeo likang'oka pamoja na kipande cha fremu. Mama alipofika, mumewe alikuwa ameshakoshwa, na mimi nikafuata kwa basi kutoka Masasi.

Watu walipotawanyika baada ya matanga, mjomba, kaka yake mama, alijitwika suala la mlango. Fundi alikuwa amesema mbao za mninga alizonazo bado mbichi, akiziunga sasa mlango utapinda, tumpe muda zikauke. Mjomba hajaumbwa kungoja. Aliurudisha mlango uliopasuka mahali pake, akaukingamishia mbao nene juu, kati na chini, akapigilia misumari ya inchi nne, kisha akaziba ufa kwa kipande cha bati. Alipomaliza alirudi nyuma, akaitazama kazi yake kama mtu aliyejenga daraja. Ulikuwa mlango mbaya kuliko yote niliyowahi kuona Mtwara, lakini nilikiri kuwa mwizi angeondoka na maumivu ya mgongo. Tukawa tunapita mlango wa uani.

Mama alikuwa ameingia eda, hatoki. Kilichomsumbua kilikuwa swali moja, na kila mwanamke aliyekuja kumpa pole aliulizwa lile lile: je, baba alikufa peke yake? Hakuna aliyejua. Mimi, kwa haraka yangu ya kutaka kila kitu kitulie, nilimwambia bila shaka alikwenda usingizini. Alinitazama kwa upole.

"Hujui, mwanangu," alisema.

Aliyejua alikuwa jirani peke yake, na jirani haonekani. Hilo lilinichoma. Yule mzee alikuwa mtani wa baba, walitukanana kila siku ya Mungu kwa raha zao: baba akimwambia mwenzake arudi kwao Msumbiji, yule akimjibu kwamba angeshaondoka zamani, ila nani atamfundisha baba kuoga. Kaburini alikuwepo, alichimba. Tangu hapo, kimya. Nilikuwa namwona akipita barabarani ameinamisha kichwa, nikawa namsonya nikiwa ndani.

Mkewe hakuwa na neno. Alikuwa anapitia uani kila siku na bakuli la mihogo ya nazi. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kama mumewe amesafiri, maana mama yangu anamsubiri mpaka amekonda. Aliweka bakuli chini taratibu. Kumbe mzee alikuwa amekuja mara mbili. Alivaa kanzu, akafika barazani, akakuta mbao na bati. Akaona wenye nyumba hawataki mtu. Zaidi ya hapo, aliyevunja mlango ni yeye, basi ile misumari akaona imepigiliwa kumzuia yeye.

Nikamuuliza kwa nini hakuzunguka nyuma. Mke wa jirani alinitazama kana kwamba akili nimeisahau Masasi.

"Mwanamume apite uani kwa mwenye eda?"

Niliona aibu. Uani ni kwa wanawake na masufuria yao. Mwanamume hubisha hodi barazani. Mjomba kwa nyundo yake alikuwa ameziba njia pekee ambayo mtu mwenye heshima zake angeweza kumfikia mama. Na mzee alikuwa na neno, mkewe aliniambia, ambalo hata yeye hajaambiwa. Mzee alisema ni amana ya shemeji yake, yaani mama yangu.

Nilimwita mjomba. Alinuna, kwa sababu mtu hapendi kung'oa msumari alioupigilia kwa mkono wake mwenyewe, lakini alipoelezwa hakubisha tena. Aliitoa misumari mmoja mmoja. Safari hii aliunga ule ufa kwa ndani, akaufunga mlango kwa bawaba mpya upande wa fremu uliobaki mzima. Upande mwingine alitoboa tundu tukapitisha mnyororo na kufuli la usiku. Ulilalama kila ukifunguliwa, lakini ulifunguka. Mama aliniagiza nitundike pazia, akatandika mkeka nyuma yake, akakaa.

Jirani alikuja baada ya Alasiri. Alipiga hodi kwa sauti ya mtu asiye na hakika, akaketi barazani, ameligeuzia pazia mgongo. Alianza kuomba radhi ya mlango. Mama alimjibu kuwa mlango ni mbao tu, fundi anatengeneza mwingine, kisha akamuuliza swali lake.

Mzee alisema alimkuta baba sakafuni, bado anapumua. Alimwinua kichwa, akakilaza mapajani pake.

"Akaniuliza kama umerudi," alisema. "Nikamwambia umerudi, uko uani unawasha moto. Akatulia. Nikamtamkisha shahada, akaitamka, akaenda zake. Nimemdanganya mtu anayekufa, shemeji. Tangu siku ile chakula hakinipiti."

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mama, nikamshika mkono nikidhani ataanguka. Machozi yalikuwa yakinitoka mimi. Yeye aliutoa mkono wake kwangu, akasogea mpaka goti lake likaligusa pazia.

"Hukumdanganya, shemeji," alisema. "Kama amekufa akijua niko uani, basi nilikuwa naye."