Shati la Mtu wa Kisiwani

Mama Pindo hakuwahi kuzaa mtoto aitwaye Pindo. Jina hilo alibandikwa na wateja, maana nguo haikutoka mikononi mwake mpaka pindo limenyooka hata kwa ndani, pasipoonwa na mtu. Kisha kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalegea, na cherehani ikafunikwa shuka pale pembeni mwa sebule.

"Tafuta mnunuzi," alimwambia mumewe.

Mumewe, mpaka rangi mwenye maneno mengi kazini na machache nyumbani, alijikuna kichwa akapiga chenga wiki baada ya wiki. Mwishowe mke akajitafutia mwenyewe: fundi mmoja wa mtaa wa pili angeifuata Jumamosi. Mzee wa watu roho ilimuuma. Shati lake la kazi lilichanika kwapani tangu mkewe augue, na hakutaka fundi mwingine aliguse.

Binti yao alikuwa ameleta kompyuta yenye mchezo, ili mama afanyishe vidole mazoezi. Mtu ametupwa na mawimbi kwenye kisiwa kisicho na watu. Ukibofya kitu anakiokota, ukibofya mahali anakwenda.

"Tumia wa kushoto, mama, ni rahisi."

"Wa kushoto si mgonjwa," alijibu, akauinua ule wa kulia na kuuweka juu ya kipanya kama anayelaza mtoto.

Mwanzoni kidole kiliteleza, na yule maskini akaishia baharini.

"Umemzamisha tena?" mumewe alimtania.

"Kaenda kuoga. Hebu niache."

Mwanamke yule ni king'ang'anizi, jamani! Jasho lilimtoka, akarudia, akarudia tena, na mumewe pale mlangoni akavimba kichwa kwa kumwonea fahari. Kidole kikaanza kutii. Moto ukawaka, kibanda kikasimama. Kila kitambaa kilichoonekana ufukweni alikiokota, hata kisicho na kazi, na sindano ya mfupa wa samaki akaipata.

Jumamosi asubuhi meli ikatokea. Binti akapiga makofi. "Bofya ngazi apande, mama, umeshinda!"

Mama Pindo hakubofya ngazi. Aliivuta ile sindano mpaka kwenye shati la yule mtu, lililochanika begani. Mchezo ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa.

"Anakwenda kuonana na watu na matambara haya?"

"Mama, ni mchezo tu!"

"Mchezo kwako."

Akaisukuma kompyuta, akageuka, na macho yake yakatua kwapani mwa mumewe. Akalitazama lile tundu kama ndiyo kwanza analiona. Aibu ikamshika, halafu hasira.

"Vua."

"Sasa hivi?"

"Vua, nimesema."

Mlango ulipobishwa, mpaka rangi alikwenda kuufungua kifua wazi, macho yamelowa, wala hana habari. Nyuma yake shuka lilikuwa sakafuni na cherehani ikienda polepole, ikisimama, ikiendelea.

"Nimefuata mashine," alisema fundi wa mtaa wa pili.

"Utatusamehe, ndugu yangu," mzee akasema. "Ina kazi."