Kizibo na Gesi Yake

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alifunga chupa za soda kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo hakujifunza kitu kingine. Sisemi hivi kwa kumwonea. Yeye mwenyewe husema vivyo hivyo, ila yeye husema kwa kujisifu.

Kituo chake pale kiwandani kilikuwa kati ya mashine ya kumimina na taa kali ambayo msichana mmoja alikaa mbele yake kutwa nzima akitafuta uchafu ndani ya chupa. Hapo katikati chupa zilipita zikivishwa vizibo, na kazi ya shemeji ilikuwa kuzitoa zile ambazo vizibo vyake vimekaa upande. Katika kila mia alichukua moja, akaigeuza kichwa chini, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ikiwa na gesi ilirudi kwenye mstari. Isiyo na gesi waliiita maiti, na maiti ilimwagwa. Wenzake walimbandika jina la Kizibo, nalo likamganda mpaka mtaani, mpaka kwenye kadi za harusi anazoletewa.

Kisha kiwanda kilileta mashine mpya, ndefu kama nyumba, inayomimina, inayofunga na inayojikagua yenyewe. Shemeji alipewa barua, saa ya ukutani, na ile mashine ndogo ya mkono ambayo zamani ilitumika kufungia chupa za majaribio. Alikuja nayo nyumbani ameikumbatia kama mtoto aliyetoka hospitali.

Tukajua kutapika. Naam, sikukosea neno. Mwanamume asiye na kazi anayejua jambo moja tu hulifanya jambo hilo mpaka watu wa nyumbani watapike. Alifunga kila kilichokuwa na mdomo. Chupa ya mafuta ya kula, chupa ya siki, chupa ya dawa ya kikohozi. Dada akitaka kukaanga kitunguu ilibidi kwanza atafute kifungulio, na kizibo kikishang'olewa shemeji alikuja mbio na kingine kipya. Mimi nimekaa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo tangu niliporudi kutoka kwenye ndoa yangu, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kusema. Hata dawa yangu ya kikohozi niliinywa kwa kifungulio.

Sasa dada. Dada hutengeneza pilipili ya matunda, na nikisema hutengeneza nataka mnielewe: hapiki tu. Huchagua embe zilizoiva lakini bado zina ubishi kidoleni, nanasi moja lenye harufu hata kabla halijakatwa, na pilipili mbuzi nyekundu anazozipasua huku amefunga mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu siku moja alijisahau akajifikicha jicho, na siku ile hatuizungumzi. Huongeza kitunguu saumu, kipande cha tangawizi na chumvi, humimina maji yaliyochemka yakapoa, kisha hukandamiza vyote kwa sahani ndani ya ndoo ili visielee. Juu hufunika kitambaa, si mfuniko. Halafu husubiri. Siku ya pili au ya tatu ndoo huanza kutoa mapovu. Dada hupiga magoti kila asubuhi, hutega sikio na kusema, "Bado inaongea." Siku ya kumi, wakati mwingine ya kumi na mbili, husema, "Imenyamaza." Ndipo husaga, huchuja, huchemsha taratibu pamoja na siki, na kuitia ingali ya moto kwenye makopo ya kioo. Majirani huja na makopo yao wenyewe. Inaanza na utamu, unajiona umekaribishwa, kisha inakupiga kofi.

Kizibo aliila pilipili hiyo kwa miaka yote bila kumuuliza mkewe hata swali moja. Lakini baada ya ile barua alianza kuitazama. Akaona kitu kinachoweza kuingia ndani ya chupa. Na akaona zaidi ya hapo, nami namtendea haki kwa kulisema: aliona njia ya kurudi getini. Hilo ndilo alilolitaka duniani, hakuwa na lingine. Kila asubuhi alipita mbele ya kiwanda kana kwamba ana safari ya mbali, na walinzi wapya walimtazama kama wanavyomtazama muuza karanga. Alitaka kibali shingoni. Alitaka aingie mchana, wamwone.

Akaenda kumsubiri njiani mkuu wa kantini ya kiwanda, mama mmoja mpana aitwaye na kila mtu Mama Kantini, akamwambia kwamba yeye, Kizibo, sasa ana bidhaa yake. Mama yule hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia alete kreti moja Jumanne, iwekwe mezani wafanyakazi waonje. Wakiipenda, atakuwa analeta kila wiki na atapewa kibali. Wasipoipenda, asimsimamishe tena njiani, miguu inamuuma.

Shemeji alirudi amevimba hata mlango ukawa mwembamba.

Bahati mbaya, siku hiyo hiyo binti yao alijifungua, na dada akafunga mzigo kwenda kumwangalia kwa wiki moja. Ndoo ilikuwa na siku ya pili. Akiwa ameshashika kikapu mkononi, alimwambia mumewe mbele yangu: "Baba, hiyo usiiguse. Jumanne wapelekee yale makopo ya mwezi uliopita, yako kabatini."

"Makopo!" shemeji alisema dada alipokwisha kuondoka. "Nipite getini na makopo ya jamu? Wanicheke?"

Siku iliyofuata alipiga magoti mbele ya ndoo, akafunua kitambaa, akatega sikio. Nilimwona uso ukimng'aa.

"Shemeji, njoo! Njoo usikie. Ina gesi!"

"Dada kasema isubiri mpaka inyamaze."

"Ikinyamaza si itakuwa maiti? Miaka yote hii mwanamke huyu anaiacha gesi inapotea, halafu ndiyo anatia kwenye makopo! Angekuwa kiwandani angefukuzwa kazi siku ya kwanza."

"Lakini shemeji, hii si soda."

"Wewe umesoma vitabu," aliniambia kwa upole wa kuudhi. "Mimi nimesoma chupa."

Ningeweza kubishana. Diploma yangu ni ya ukutubi, lakini hata mkutubi anajua kitu kinachochachuka kinahitaji kupumua. Sikubishana. Nilichoka, na ndani ya uchovu huo kulikuwa na kitu kingine ambacho sikijivunii: nilitaka kuona. Kwa hiyo alisaga yeye, nikachuja mimi. Hakuchemsha, kwa sababu moto ungeiua gesi yake. Akaongeza vijiko vya sukari, "ipate nguvu," kisha akapanga chupa ishirini na nne za soda alizozikusanya kwenye baa, akazijaza, na kuzifunga moja moja kwa mashine yake, akiutia mkono uzito wa mwili mzima. Kwa kila chupa alisema "Tayari!" kana kwamba kuna mtu anahesabu.

Lebo niliziandika mimi kwa mkono, yeye akisoma juu ya bega langu. *Pilipili ya Kizibo.* Niliuliza kama haifai pawe na mstari wenye jina la dada. Akafikiri.

"Lebo ni ndogo," akasema.

Kreti ikakaa chumbani kwao, chini ya bati, siku tano za jua kali. Kila jioni aliitembelea. Jumapili alinionyesha jinsi vizibo vilivyotuna kidogo katikati. "Unaona?" alisema. "Inajaa." Nami nilisema naona.

Jumanne alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya binti yake. Kwa kuwa kreti ilikuwa nzito, nilishika upande mmoja, tukaenda hatua kwa hatua, naye akinikaripia kila ilipoyumba. Getini alitaja jina lake kwa sauti, lile la kwenye kitambulisho. Mlinzi hakulijua. Alipotaja Mama Kantini tukapitishwa.

Saa ya chakula ilikuwa imeanza. Watu kama sitini walikuwa kwenye meza ndefu, wengi wao vijana ambao hawakumfahamu, lakini kona moja walikaa wale wa zamani, na fundi mmoja wa mitambo alinyanyuka na kijiko mkononi.

"Jamani! Kizibo mzima mzima! Suti ya nani hiyo, ndugu yangu?"

"Ya kwangu."

"Basi ulipoinunua ulikuwa na mwili."

Wakacheka, naye akacheka, na nilipomwangalia niliona jinsi alivyokuwa na furaha. Mtu anaweza kuwa kero na bado akawa na furaha ya kweli. Ninaliandika hilo kwa shingo upande.

Mama Kantini alikuja na koti lake jeupe, akasimama karibu na kreti, akasema fungua basi, chakula kinapoa. Sasa mtu mwingine angefungua. Kizibo hakuwa mtu mwingine. Aliinua chupa juu, akaigeuza kichwa chini, na, Mungu wangu, akaitikisa. Akaiweka sikioni.

"Sikilizeni wenyewe," aliwaambia. "Ni matunda matupu, na gesi imo. Mmewahi kuona pilipili yenye gesi?"

"Hatujawahi," fundi alijibu. "Na sijui kama tumeiomba."

Kifungulio kiligusa tu. Sikusikia mlio wa kizibo, nilisikia kitu kama mlango uliopigwa teke. Pilipili ilipanda dari ikashuka. Ilimpata Mama Kantini kifuani, ikapata sahani za meza mbili, lakini sehemu kubwa ilimpata mwenyewe, macho yote mawili, maana alikuwa ameikaribia aisikie vizuri. Akapiga yowe. Chupa ikamponyoka ikaangukia kreti, na ndani ya kreti mbili nyingine zikapasuka kwa zamu, kwa sauti ya adabu kidogo kuliko ya kwanza. Watu walikimbilia madirishani wakikohoa. Kijana mmoja alishika birika la kwanza lililokuwa karibu akammwagia shemeji usoni. Lilikuwa la maziwa ya chai, na kwa neema ya Mungu yalikuwa ya vuguvugu.

"Kizibo!" fundi alipiga kelele kutoka mlangoni, machozi yakimtiririka, sijui ya pilipili au ya kicheko. "Hiyo haikuwa maiti!"

Vumbi la kikohozi lilipotulia, Mama Kantini alijitazama koti. Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu hapo ndani yeye ndiye anayeamua nani anapata nyama.

"Nani katengeneza kitu hiki?" aliuliza.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni, maziwa yakimchuruzika kolani, macho yamefumba kama ya kinda. Na hapo, mbele ya wote aliotaka wamwone, baada ya ile lebo iliyokuwa ndogo, akakumbuka kwamba ameoa.

"Mke wangu," alisema. "Katengeneza mke wangu. Mimi nilifunga tu."

Nimedharau watu wengi maishani, wengine bila haki. Sidhani kama nimewahi kumdharau mtu kwa utulivu kama nilivyomdharau yeye dakika ile. Hata hasira sikuwa nayo. Nilitafuta taulo nikampa.

Mama Kantini alipitisha kidole kwenye mkono wa koti lake, akakilamba. Akasimama kidogo. Akalamba tena.

"Mwambie huyo mkeo," alisema, "aje yeye. Na asije na chupa."

Dada aliporudi nilimweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na sikupunguza mahali nilipokuwa nimenyamaza mimi. Alikaa akisikiliza huku anamenya embe. Nilipofika kwenye lile neno la sakafuni, nalo nikalisema.

"Alisema ni mimi niliyetengeneza?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

Aliendelea kumenya. "Basi siku hiyo alisema kweli," alijibu, na hilo likawa jambo la mwisho nililolisikia kwake kuhusu habari hiyo.

Alisubiri ndoo mpya inyamaze. Ijumaa moja tuliipeleka pilipili ikiwa imechemshwa na kupoa, ndani ya ndoo nyeupe yenye mfuniko wa kawaida, mimi na yeye, na shemeji nyuma amebeba. Alikuwa amevaa shati tu. Macho yalikuwa yamepona, lakini alikuwa na tabia mpya ya kuyapepesa. Getini mlinzi aliangalia karatasi yake, akatoa kibali kimoja, akasoma jina la dada. Mimi niliandikwa chini kama msaidizi. Akamwambia shemeji, "Mzee, weka hapo, wewe subiri kivulini."

Akaweka. Akasubiri kivulini.

Ndani, watu waliipaka pilipili ile kwenye kila kitu mpaka ndoo ikabaki tupu. Mama Kantini aliuliza kama Ijumaa ijayo anaweza kuletewa mbili, na kama dada anaweza kupunguza nanasi kidogo. Dada akasema mbili anaweza, nanasi hapunguzi. Fundi wa mitambo alikuwa na mdomo umejaa. Alimtazama dada, akatabasamu, akaendelea kula.

Tulipotoka, shemeji alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma, akiangalia malori ya kreti yakitoka. Alipokea ndoo tupu kutoka kwa mkewe. Tukatembea hatua kama kumi hivi.

"Wameniulizia?" alisema.

"Wamekuulizia," dada alijibu.

"Nani?"

"Wote. Wale wa zamani."

Akaitikia kwa kichwa, akabadilisha mkono wa kushikia ndoo, akaanza kutembea haraka kidogo, mbele yetu. Mimi nilikuwa ndani pamoja na dada tangu mwanzo hadi mwisho. Nilimtazama dada usoni, naye akanitazama mara moja tu, jinsi alivyokuwa akinitazama utotoni tulipovunja kitu.