Idi Aliyochinja Mwanaidi

Mwanaidi alizaliwa Misima asubuhi ya Idi, wanaume wakiwa bado msikitini, ndiyo maana akaitwa hivyo. Lakini kwa zaidi ya miaka hamsini, Idi ya kuchinja ilimkuta mikono mitupu. Kwao walikuwa watu wa jembe, mahindi na muhogo, na mume aliyemwoa alikuwa mtu wa jembe vilevile, mpaka Mungu alipomchukua. Kila Mfungo Tatu, mwezi wa Idi hiyo, ulipoingia, Mwanaidi alingoja fungu la nyama kutoka kwa waliojaliwa. Alilipokea kwa shukrani, akapika, watoto wakafurahi. Yeye alibaki na neno moja moyoni: na mimi siku moja nitoe.

Alimweleza Shehe Rehani, imamu wa msikiti wao.

"Hujalazimishwa, Mama Ikram," Shehe alimwambia. "Kuchinja udhia ni sunna kwa mwenye uwezo. Mungu anajua hali yako."

"Najua anajua, Shehe. Lakini Nabii Ibrahimu aliombwa mtoto, akawa tayari kumtoa. Mimi hata mbuzi sijaombwa. Nataka na mimi niombwe."

Shehe alicheka.

Haukupita muda, Sipora akashikwa na uchungu kwenye njia inayopita kando ya shamba la Mwanaidi. Sipora ni mke wa Kuntai, mfugaji wa Kimasai mwenye boma lake ng'ambo ya korongo. Bodaboda ya kumpeleka zahanati ilikuwa haijafika na mtoto hakuwa na subira. Mwanaidi alitupa jembe, akatandika khanga yake katikati ya mahindi, akampokea mtoto mikononi. Wiki iliyofuata Kuntai alikuja na mbuzi jike mdogo begani.

"Mama, huyu ni wako."

"Sikumzalisha mkeo kwa malipo, baba."

"Si malipo. Mtu aliyempokea mwanangu, nitamwangaliaje akikaa bila mfugo?"

Yule jike alikua, akazaa dume. Shehe alimweleza Mwanaidi masharti: beberu wa udhia atimize miaka miwili, asiwe chongo, asiwe kilema, asiwe mgonjwa wala kimbaombao. Mwanaidi akaanza kuhesabu miezi. Alimkatia majani na kumkaushia maganda ya muhogo, na mvua ikinyesha alimwingiza jikoni. Beberu akanenepa mpaka wapita njia wakawa wanauliza ni wa nani. Siku tisa kabla ya Idi, mbwa walimkurupusha, akatumbukia kwenye shimo la kufyatulia matofali. Mguu wa mbele ukavunjika.

Alimwita Shehe huku jibu akilijua.

"Anachechemea waziwazi, Mama Ikram. Huyu sasa ni kitoweo, si udhia."

Jirani mmoja akamvuta pembeni. "Wewe mchinje tu siku ya Idi. Nani atajua?"

"Ninayempelekea ndiye anayejua," alisema Mwanaidi, akalia mbele za watu bila kuona haya.

Halafu ukaja ukame. Mahindi yalinyauka yakiwa hayajafika magotini, malambo yakabaki tope, na mifugo ikaanza kufa bondeni kote. Kuntai, akihamisha ng'ombe wake kufuata maji upande wa Korogwe, alisimama mlangoni kwa Mwanaidi.

"Nipe yule jike niende naye. Akibaki hapa atakufa."

Mwanaidi alimfungua kamba akampa. Watu wakamwambia ndiyo basi tena, mbuzi ameshaliwa. Miezi minane baadaye, mvua zikiwa zimerudi, Kuntai akamleta akiwa mzima, tena na mimba. Akazaa dume, mweupe mwenye kichwa cheusi. Mwanaidi akaanza upya kuhesabu miezi.

Safari hii ilitimia. Mwezi wa Mfungo Tatu ulipoandama, aliacha kukata kucha na nywele kama afanyavyo aliyenuia kuchinja. Siku ya Arafa akafunga. Asubuhi ya Idi alikaa msikitini safu ya wanawake, akamsikia Shehe akisema katika hutuba kwamba nyama hailiwi mbinguni wala damu haifiki huko. Kinachofika ni uchaji wa yule aliyetoa. Mwanaidi alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Baada ya swala watu walijaa uani kwake. Sufiani, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiwachinjia watu mtaa mzima, alikunja mikono ya kanzu.

"Haya shemeji, nipe kisu nikufanyie kazi."

"Ahsante, shemeji. Leo wewe nishikie miguu. Nitachinja mwenyewe."

Sufiani akatazama huku na huku. "Tangu lini mwanamke akachinja hapa Misima?"

"Tangu leo."

Macho yote yakamgeukia Shehe Rehani. Shehe hakubabaika.

"Mwislamu mwenye akili zake, akijua kuchinja na akataja jina la Mungu, kichinjo chake ni halali, awe mwanamume au mwanamke. Zama za Mtume mwanamke alichinja kwa jiwe lenye makali, na Mtume akaruhusu nyama iliwe. Huyu amejifunza kwa kuku mwaka mzima, na mimi nimemwona. Kama hatukuwafundisha wanawake wetu, kosa ni letu."

Sufiani akainama, akashika miguu. Wakamlaza beberu ubavu wa kushoto, akaelekea kibla. Mwanaidi alikuwa ameficha kisu chini ya khanga mnyama asikione. Alimpapasa shingo mara moja.

"Bismillahi, Allahu Akbar. Ya Rabi, huyu ametoka kwako na anarudi kwako. Nipokelee."

Kisu kikapita. Wa kwanza kupaza takbira alikuwa Sufiani, bado ameshika miguu, na uwanja mzima ukamwitikia. Wanawake wakapiga vigelegele hadi kuku wakakimbilia migombani.

Nyama iligawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la wasiojiweza. Mwanaidi alipopeleka fungu bomani kwa Kuntai, yule mtoto aliyezaliwa shambani, sasa ana miaka minane, alimkimbilia. "Shikamoo, bibi!" Sipora akapokea nyama kwa mikono miwili, na Kuntai akauliza kama aliyechinjwa ndiye yule mbuzi aliyempa.

"Ndiye mwana wa yule uliyemwokoa," alisema Mwanaidi. Kuntai akacheka kwa furaha.

Ikram, bintiye anayeishi Kilole, alifika na wanawe adhuhuri, akamkuta mama yake anajitwika tena beseni la nyama.

"Mama, umechoka. Kaa, nitapeleka mimi."

"Wewe utapeleka mwakani, mwanangu. Leo niache."

Akashika njia ya nyumba za bondeni, mgongo umenyooka, takbira ikimtoka kwa sauti ya mtu aliyeshinda.