Mvua, Jua Kali na Mabano ya Mjukuu Wangu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikaolewa, nikashika jembe na kahawa hapa Mbozi mpaka leo. Kwa hiyo mnicheke taratibu nikisema nimewahi kurekebisha programu ya kompyuta. Nilirekebisha, na jasho lilinitoka.

Mjukuu wangu wa kike anasomea Javaskripti kule Vwawa, yaani lugha ya kuiambia kompyuta cha kufanya. Wakapewa kazi: kila mmoja aandike programu ya kuamua jambo la nyumbani kwao. Mwalimu angewapigia simu ya video mmoja mmoja na kuwajaribu, na atakayeshindwa anaanza kozi upya. Yeye akachagua kahawa yetu inayokauka kwenye vichanja. Programu iseme funika kwa turubai, au acha wazi. Zamu yake ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa tatu na nusu akaniita. "Bibi, nimemaliza. Njoo unijaribu wewe kwanza."

Nikavuta kigoda. Akanionyesha neno la "kama", masharti yakiwa ndani ya mabano, halafu chini neno la "vinginevyo". Vialama viwili vilivyojikunja kama funza ni "na": lazima yote mawili yawe kweli. Vijiti viwili vilivyosimama ni "au": moja likiwa kweli linatosha. Nikaelewa, tena nikafurahi kuelewa.

"Haya. Mbichi, jua kali."

Akabonyeza. Funika. Sawa, mbichi ikipigwa na jua la mchana ganda linapasuka.

"Mbichi, mvua inakuja." Funika.

"Kavu, jua kali." Acha wazi. Nikampigia makofi.

"Kavu, mvua inakuja."

Acha wazi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "hiyo kahawa umeniozeshea."

"Lakini bibi, kavu haikai nje. Wewe ukiuma punje ukaona imekauka, unaanua siku hiyohiyo."

Kweli, nyumba yangu ndivyo ilivyo, na ndiyo maana tangu azaliwe hajaona kahawa kavu ikinyeshewa. Lakini kompyuta haijakulia kwangu.

"Na tukiwa msibani, nani anaanua?" nikamuuliza. "Mwalimu akikuuliza hiyo?"

Akaangalia saa. Zimebaki dakika kumi na mbili. Uso ukamshuka.

"Nisomee ulivyoandika."

Akasoma: mvua au jua kali, hayo mawili ndani ya mabano, halafu nje ya mabano, na kahawa iwe mbichi.

"Basi umeifungia mvua chumba kimoja na jua, halafu mlangoni mwao umeweka ubichi. Mvua haiulizi ubichi. Itoe humo. Ubichi ukae na jua peke yake."

Akahamisha mabano. Kioo kikajaa maandishi mekundu.

"Bibi, umeniharibia."

"Sijagusa kitu mimi. Soma."

Nikaweka kidole changu kwenye kioo, nikahesabu. Yaliyofunguliwa matatu, yaliyofungwa mawili. Nikamwonyesha. Simu ikaanza kuita. Akaongeza bano moja, na bila kujaribu akapokea.

"Shikamoo bibi, nakuona hapo," mwalimu akasema. "Usimsaidie."

"Marahaba mwanangu. Nimsaidie na nini?"

Akaanza. Mbichi, jua kali: funika. Mbichi, mawingu tu: acha wazi. Kavu, jua kali: acha wazi. Nilikuwa nimeshika kigoda kwa mikono miwili.

"Kavu. Mvua inakuja."

Mjukuu akabonyeza huku akiangalia pembeni, hakutaka kuona. Niliona mimi. Funika.

"Kwa nini kavu inafunikwa kwa mvua na haifunikwi kwa jua?" mwalimu akauliza.

Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikauma shuka la kiunoni.

"Jua linapasua mbichi tu," mjukuu akasema, sauti ndogo. "Mvua inaharibu zote. Kwa hiyo ubichi ni sharti la jua peke yake. Mvua inatosha yenyewe."

Mwalimu akainama akaandika. Akaandika muda mrefu, jamani.

"Haya, umevuka. Jumatatu unaingia na wenzako hatua ya pili."

Simu ikakatika. Mjukuu akalaza kichwa mezani.

"Bibi, nimevuka."

"Inua kichwa. Bonyeza tena ile ya kavu na mvua, mwanzo niliiona kwa hofu."

Akabonyeza. Funika.

"Tena," nikamwambia.