Siku Mkaguzi Alipokula Shamba

Jogoo wa jirani bado anawika, na Iracilda Bezerra ameshalowa jasho. Anavuta na kusukuma reki ya mti juu ya bapa pana la chuma, akikaanga unga wa muhogo. Harufu inapenya turubai jeusi la banda lake na kuamsha kambi nzima ya Boa Hora, hapa jimboni Pernambuco.

"Mama Ira, leo tunaonja au tunanusa tu?" anauliza jirani yake, Genival, akipita na jembe begani.

"Wewe nusa. Siku ile ya mkaguzi mlikula mpaka kesi yetu."

Wanacheka wote wawili. Siku yenyewe, Iracilda hakucheka.

Mama huyu wa miaka 52 alianza kukata miwa ya watu akiwa binti. Kiwanda cha sukari kilipofungwa, wakataji walibaki bila kazi na ardhi ikageuka pori. Familia arobaini ziliingia, zikafyeka, zikapanda muhogo na maharage. Sheria inaruhusu ardhi iliyotelekezwa igawiwe wanaoilima, lakini mwenye kiwanda hajakubali.

Wamefukuzwa na askari mara mbili. Mara zote walikaa chini wakaimba, hawakurusha hata kokoto, na baadaye wakarudi kupanda upya.

"Bapa hili nimelihamisha kwa kichwa changu," anasema Iracilda. "Askari mmoja alinisaidia kujitwika. Nikamwambia, mwanangu, nikirudi uje unitue."

Mwaka huu mahakama ilimtuma mkaguzi aje aone kama kweli watu hawa wanalima. Kambi ilifagiliwa hadi vichochoroni. Iracilda akakabidhiwa kazi ya kumpikia mgeni.

Na hapo ndipo alipopitiliza. Aliona aibu kumpa mgeni kidogo, akawaita wanawake wenzake, wakang'oa muhogo wote wa shamba la mbele. Maharage yalikuwa yameshavunwa, kwa hiyo huo muhogo ndio uliokuwa shamba lao.

"Nilisema ale, ashibe, na mkewe apelekewe," anakumbuka, akificha uso kwa kiganja cha mkono wake.

Mkaguzi, kijana mpole wa miwani, alikula mikate mitatu ya wanga wa muhogo yenye nazi. Akajifuta mdomo, akatoa kamera.

"Haya mama, sasa nionyesheni shamba."

Watu wote waligeuka. Mbele yao palikuwa na udongo mwekundu mtupu, laini, kama uwanja wa mpira.

"Nilitamani ardhi initafune," anasema Iracilda. "Nikamwambia ukweli tu: mwanangu, shamba umelila."

Genival ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Mkaguzi naye akashindwa kujizuia. Lakini alipotulia, alisema kwa upole kwamba yeye huandika anachokiona.

"Basi usiondoke," Iracilda akamjibu. "Kaa hapo uone."

Nyuma ya banda, kivulini, alikuwa amehifadhi mizigo ya pingili za mihogo hiyohiyo. Akaibeba. Wazee wakashika majembe, watoto wakagawa pingili, na familia zote zikaingia shambani. Mkaguzi alipiga picha mpaka jua likaanza kuzama, viatu vyake vikiwa vyekundu kwa udongo. Akaahidi kurudi mihogo ikifika magotini. Hadi ripoti yake ifike mahakamani, alisema, hakuna atakayewagusa.

Leo majani yake yanafika kifundoni. Kila jioni Iracilda huyazungukia, akimfukuza mbuzi wa Genival kwa matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Wakigawiwa ardhi, anataka kujenga nyumba ya kukaangia unga yenye kuta za matofali, na bapa lake alijengee humo moja kwa moja. "Lisahau kabisa kichwa changu," anasema.

Na mkaguzi akirudi, atakula nini?

Iracilda anageuza unga.

"Kahawa," anasema. "Muhogo auone kwanza. Akishaandika, ndipo tutang'oa."