Pambano la Kimya na Shingo

Mwezi uliopita niliona pambano ambalo nililisubiri utoto wangu wote. Niliona sehemu yake tu, mjini Kasulu, kwenye simu ya kijana wa bodaboda. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la Kigoma miguu imekufa ganzi, natafuta mtu wa kunifikisha kwetu, kwenye barabara ya kwenda Kibondo. Vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja, hakuna aliyeniona. Nikachungulia. Mabondia wawili wa uzito wa juu, wale wa kutengenezwa na kompyuta, walikuwa wakitandikana. Mmoja mrefu, kaptula imepandishwa mpaka kitovuni, mdomo umefungwa kabisa. Mwingine mfupi, shingo pana kuliko kichwa.

"Huyu wa zamani analala raundi ya nne," alisema mmoja.

"Nani alale? Mkono wake wa kushoto umeuona, au umekuja kujaza nafasi tu?"

Mwenye simu aligeuka akaniona. "Dingi, unawajua hawa?"

Nikasema nawajua. Sikumwambia kwamba yule mrefu nilimuua mimi.

Usishtuke, wewe unanifahamu, sijawahi kuua hata kuku bila kuomba msaada. Nitakueleza ilivyokuwa.

Kwetu, miaka hiyo, ndizi za pombe hazikukamuliwa na mtu mmoja. Mkungu ulikatwa, ukafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani, na baada ya siku kadhaa ulifukuliwa ukiwa wa njano na laini, unanukia mpaka barabarani. Sisi watoto tulimenya pamoja na mama. Ndizi zilimwagwa kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi, kisha wanaume wawili walipokezana kuzikanda kwa mikono mpaka maji yatoke. Leo kwetu, wiki ijayo kwa jirani. Mtu aliyekamua peke yake alionekana ana jambo anaficha.

Wakamuaji wetu walikuwa baba na jirani. Jirani alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, mwaka wa mauaji, akafika na shati alilovaa na mdogo wake mgongoni. Alipewa shamba jirani na letu, akaoa, akazaa, akazeeka kidogo, na kila mwaka alisema mwakani anarudi kwao. Alikuwa mkubwa kuliko baba kwa miaka michache, kwa hiyo sisi tulimwita baba mkubwa.

Sasa, mabondia. Mwenye duka wa mjini, mtu wa pwani, alifunga sukari na chumvi kwa kurasa za magazeti ya zamani aliyoletewa na ndugu zake kwa marobota. Alizikata vipande, akavikunja kama pembe. Baba alikuwa na ugonjwa wa karatasi. Kila pembe ikiisha sukari, aliikunjua, akaipangusa, akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Ndivyo walivyofika sebuleni kwetu bingwa mrefu aliyefunga mdomo, tukamwita Kimya, na baada ya miezi michache bingwa kijana asiye na soksi, tukamwita Shingo. Vipande havikuwa na tarehe. Maneno yalianzia katikati na kuishia katikati. Kila kimoja kilisema huyu ndiye bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Wasomi wenzangu wangeona mara moja kwamba kati ya picha hizi mbili kuna umri wa mtu mzima. Kijijini kwetu hakuna aliyeona. Walikuwa ukuta mmoja, bega kwa bega. Tuliamini wote wawili wako hai, wote mabingwa, na wakubwa wa huko Ulaya wanachelewesha tu kuwakutanisha.

Basi baba akamchukua Shingo, jirani akamchukua Kimya, na pambano likapiganiwa kwenye gogo la ndizi kwa zaidi ya miaka kumi. Sheria ilikuwa moja. Aliyeshika nyasi ndiye anayesema, mwenzake anasikiliza. Nyasi zikiinuliwa na kukamuliwa, raundi imekwisha, na mwenzake anapokea nyasi na hoja. Mama ndiye aliyekuwa mwamuzi, na alihesabu pointi kwa maji. Ukibisha kwa nguvu unakanda kwa nguvu, na maji yanateremka kwenye mtungi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mama hakuwa na haja hata kidogo ya kujua nani bingwa.

Jirani, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, nyuki wanamzunguka masikioni, alikuwa akianza polepole, kwa lile "sha" lake la Kirundi, yaani rafiki yangu.

"Shingo wako, sha, anapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Kimya atamwacha afukuze. Raundi ya tano mikono imekuwa mizito, hapo Kimya anamwuliza: umemaliza? Halafu ule wa kushoto. Mmoja tu."

Baba akapokea nyasi. "Raundi ya tano atafikaje? Huyo wako hata kwenye picha amesimama kama anasubiri gari la posta. Shingo hasubiri. Shingo anaingia kwako kabla hujabisha hodi."

"Shingo amechoka leo," mama angesema, akichungulia mtungi. "Naona gogo limekauka."

Na baba angekanda kama mwenda wazimu.

Redio yetu, betri zikiwepo, ilitangaza mapambano ya Shingo. Habari za Kimya haikuwahi kutaja. Baba alilishika hilo. "Mbona wako hatajwi? Amekwisha huyo."

"Ametoka kidogo," jirani alijibu. "Mtu akitoka si kwamba amekwisha. Atarudi, na mkanda wake ataukuta." Alisema hivyo kila mara, bila kuinua macho, na baba, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulijibu, lile aliliacha lipite. Hata sisi watoto tulijua anayezungumzwa si bondia. Tulikunywa maji yetu ya ndizi, matumbo yametuna kama ngoma, tukaona dunia iko sawa.

Mimi nikasoma. Sekondari Kibondo, halafu chuo kikuu, Dar es Salaam. Mwaka wa pili, badala ya kusoma nilichotumwa kusoma, nilikuta maktabani kitabu kikubwa cha ngumi, na ndani yake Kimya, na kaptula yake, na tarehe. Pambano lake la mwisho lilikuwa limepita zamani kabla Shingo hajazaliwa. Na alikuwa amekufa, wakati mimi sijaanza hata darasa la kwanza. Nilinakili yote kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa.

Niliporudi likizo nilikuta shimo limefukuliwa. Jirani alikuwa ameshika nyasi, yuko katikati ya raundi yake, Kimya anaujongea ulingo. Na mimi, ambaye sheria ile niliijua kabla ya kujua kuhesabu, nikasema wakati si zamu yangu.

"Baba mkubwa, Kimya alikufa zamani. Hawa hawakuwahi kuwa wa wakati mmoja. Nimesoma."

Mikono yake ilisimama ndani ya gogo. "Alikufia wapi?"

"Marekani. Kwao."

"Walimzika kwao?"

"Ndiyo."

"Basi ni vizuri," akasema.

Aliweka nyasi kwenye ukingo wa gogo bila kuzikamua, akanawa mikono.

"Raundi haijaisha," baba alimwambia.

"Imeisha, sha."

Alipoondoka, baba alinyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliisoma akifuata mstari kwa kidole, akaurudia. "Una hakika?" Nikasema kitabu kimeandika. Akaikunja karatasi akaiweka mfukoni, akanitazama kwa namna ambayo nilidhani ni fahari. Ilikuwa fahari kweli, ndiyo shida yenyewe. Wiki ile nzima, sokoni, aliwaambia watu mwanawe amesoma mpaka anajua waliokufa Marekani.

Waliendelea kukamua pamoja misimu michache. Walizungumza mbolea, na mvua, na ada za shule. Mama alilalamika kwamba mtungi haujai. Kisha ukaja wakati wa kurudisha watu kwao, na siku moja jirani akapanda lori pamoja na mkewe, godoro na mbuzi wawili. Nilikuwa Dar es Salaam, nasahihisha mitihani. Dada aliniambia kwamba baba na jirani walishikana mikono kwa muda mrefu. Haukupita mwaka, watu wanaovuka kuja soko la Munanila wakaleta habari. Shamba la baba yake alikuta lina watu, na watu wana karatasi. Alifia kwenye nyumba ya kupanga, kilima cha tatu kutoka kwao.

Sijasema habari ile ya maktabani ndiyo iliyompandisha lori. Walioamua hayo ni wakubwa. Ninachojua ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi palikuwa na mahali ambapo mtu aliyetoka angeweza kurudi na kuukuta mkanda wake, mahali penyewe ni gogo la ndizi, na mimi nilikwenda nikapafunga kwa karatasi.

Kijana wa bodaboda alinirushia ile video kabla hatujaondoka. Nililipia nauli ya abiria mmoja lakini niliona nimebeba wawili. Unajua nilichokuwa nakitaka? Baba ana miaka miwili hamjui mtu. Hata dada anayemtunza, baba humwita mama. Nilitaka arudishiwe pambano lake. Mtu mwenye shahada tatu na kitambi kimoja, nikaamini kwamba nitakifungua kichwa cha baba yangu kwa video ya dakika nne.

Migomba haipo. Mnyauko uliimaliza, dada amepanda mihogo. Gogo lilipasuliwa kuni siku ya msiba wa mama. Kuta zimepakwa rangi, na chini ya rangi, ukiweka kiganja, unasikia makunyanzi ya karatasi. Katika wakubwa wangu wote wa utoto amebaki baba peke yake, kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti juani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, bwana mkubwa. Umetoka mbali?"

"Usimwulize kitu," dada alinong'ona, akiwa na ungo wa maharage mapajani. "Msalimie tu."

Sikumsikiliza. Nilipiga magoti nikamwekea simu mbele ya macho. "Mzee, wamekutanishwa. Kimya na Shingo. Wanapigana leo."

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na pua. Alitazama. Bega lake la kushoto likatikisika kidogo, lile bega la kukandia. Dada akaacha kupeta.

"Huyu mrefu amekufa," akasema.

"Hajafa, mzee. Aliyesema amekufa alikosea."

Aliinua uso akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia shamba la mwenzake. "Aliyesema ni mwanangu."

"Alikosea, baba. Alikuwa mtoto."

"Mwanangu amesoma Dar es Salaam," akasema, polepole, kwa fahari ileile. "Wewe umesoma wapi?"

Nikamwambia nimesoma Kibondo, sekondari, nikaishia hapo.

Alitikisa kichwa kwa huruma, akanirudishia simu yangu.

"Si neno," akasema. "Wengi wameishia hapo."