Mkopaji Nyuma ya Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja wa Tawi hakuniuliza habari za vyeti. Alinisimamisha mlangoni mwa ofisi yetu ya mikopo midogo, Mbinga mjini, akaniambia niwaite wateja waliokaa kwenye benchi nje. Nikaita. Hakuna aliyegeuka.

"Unaita watu au unasali?" akauliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne shule ya misheni, na haya zilinijaa mpaka salamu ilinitoka kwa shida. Niliandika vizuri kuliko nilivyosema. Kila jioni niliandika yaliyonipata mchana, nikijicheka na kujionea huruma, na ndiyo maana mengine nayakumbuka hadi leo kama ya jana. Meneja akanipa kazi hivyohivyo. Alisema sauti itakuja yenyewe nikishaanza kudai watu fedha.

Ilikuwa enzi za soko huria. Ushirika ulikuwa umelegea, wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda milimani na mizani zao, mitumba ikamwagika kila gulio, na ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara, ila mtaji hana. Benki ilitaka hati ya nyumba. Mama wa Mkumbi mwenye beseni la maandazi angeitoa wapi? Sisi dhamana yetu ilikuwa watu. Watano wanaofahamiana waliunda kikundi, mmoja akishindwa wanne wanamlipia. Ndugu wa damu hawakuruhusiwa kukaa pamoja, kwa kuwa ndugu wangefichiana. Kila wiki walikutana kulipa rejesho, yaani kipande cha deni pamoja na riba yake, na kuweka akiba ya lazima, ambayo huigusi mpaka utoke kikundini. Ukimaliza awamu ya kwanza bila doa unapanda ya pili, yenye fedha nono. Wengi waliivumilia ya kwanza kwa ajili ya hiyo ya pili.

Nilianzia Mkumbi. Huko akina mama walikuja mkutanoni na udongo miguuni, wametoka kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo chetu cha Kimatengo yanayozuia mvua isiondoke na shamba. Meneja alinifundisha kutembelea mteja. "Ukifika kwa mpika maandazi, shikamoo kwanza, halafu chungulia jikoni. Jivu likiwa la juzi, rejesho la kesho usilitegemee." Nilijifunza kuchungulia bila kuonekana nachungulia. Kwa mtu mwenye haya kazi hiyo haikuwa ngumu.

Kisha nikahamishiwa Mbamba Bay, kule chini ziwani. Kikundi changu cha kwanza pale kilikutana katika darasa la katekesi. Mweka hazina wao alikuwa Gaudensi, kijana muuza mitumba, mcheshi, anayehesabu noti huku akipiga mluzi. Mwenyekiti alikuwa Mama Skola wa duka la sabuni. Kulikuwa na akina mama wengine wawili wa gengeni, na wa tano ni Mama Eufemia, mjane aliyenunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ukiwa mbichi kwa wenye mitumbwi, akaukausha na kuupandisha Mbinga. Yeye aliitaka awamu ya pili kuliko wote. Alitaka kununua karabai mbili. Usipa huvuliwa gizani kwa taa, na mwenye taa hupewa fungu lake la samaki hata kama hajaingia majini. "Nikiwa na taa zangu," aliniambia, "sitamwomba mtu samaki tena. Nitalala, samaki watanifuata."

Katikati ya awamu ya kwanza Gaudensi akamwoa binti wa Mama Eufemia. Harusi nilialikwa, pilau nilikula. Wiki iliyofuata Mama Eufemia hakuonekana mkutanoni. Fedha yake ililetwa na jirani. Wiki nyingine vilevile. Kanuni yetu ilisema mkopaji aje mwenyewe, aweke fedha mbele ya wenzake, na asipokuja mara kwa mara kikundi kizima kinazuiwa kupanda.

Nikawauliza. Wakatazama chini wote, na Gaudensi akaacha mluzi. Mwisho Mama Skola akanivuta nje.

"Binti, wewe hujaolewa, hujui. Yule sasa ni mkwe wake. Atakaaje naye chumba kimoja, amkabidhi fedha mkono kwa mkono? Unataka watu wa pwani hii watuseme?"

"Lakini kanuni, mama..."

"Kanuni yenu haina wakwe?"

Kweli haikuwa nao. Ilikataza ndugu wa damu tu. Nikafikiri siku mbili, kisha nikashauri kwa sauti ndogo kwamba Mama Eufemia akae nje, chini ya dirisha, na fedha aipitishe dirishani kwa Mama Skola. Wakacheka mpaka wakafuta machozi, ila wakakubali. Ikawa hivyo hadi awamu ya kwanza ikaisha bila deni.

Hapo akaja Msimamizi wa Kanda kutoka Songea kuidhinisha awamu ya pili, mtu wa kuvaa tai hata kwenye joto la ziwani. Akaita majina.

"Eufemia."

"Nipo, baba!" ikajibu sauti ukutani.

Msimamizi akageuka huku na huku. "Yuko wapi?"

"Nipo hapa, nyuma ya ukuta. Shikamoo!"

Alipoelezwa hakucheka. "Mimi nakopesha watu watano," akasema, "siwezi kukopesha wanne na dirisha. Hawa wawili hawawezi kudaiana. Siku mmoja akishindwa, mwenzake atamwendea vipi? Mmoja atoke leo, jirani mwaminifu aingie, nitie saini."

Sauti ikaja dirishani: "Binti wa mikopo, mwambie mkwe abaki. Mimi nitatoka."

Gaudensi akasimama, uso kwenye sakafu. "Mwambie mama haiwezekani. Nitatoka mimi."

"Amesema atatoka yeye," nikanong'ona dirishani.

"Sema kwa nguvu, sisikii! Mwambie ana mke wa kulisha, aache ujinga."

Nikapaza sauti, kwa mara ya kwanza katika kazi ile: "Anasema uache ujinga!" Darasa likalipuka kwa kicheko, Gaudensi mwenyewe akacheka, hata tai ya Msimamizi ikatikisika. Lakini mama hakurudi nyuma. Alichukua akiba yake ya lazima, akatia kidole gumba kwenye hati ya kujitoa, akajifunga khanga vizuri na kuondoka. Sikuweza kumtazama. Ndoto yake ya karabai nilijua imeishia pale.

Baada ya mkopo kutolewa huwa tunafanya ukaguzi wa matumizi, kuona fedha imenunua kilichoombewa. Gaudensi aliomba marobota mawili ya mitumba. Nikakuta moja.

"La pili?"

Akaukuna mkono. "Dada, nenda kwa mama."

Nikaenda. Mama Eufemia alikuwa anafuta vioo vya karabai mbili mpya. "Zililetwa na binti yangu," akasema. "Eti hakumbuki nani kazinunua." Kisha akanikazia macho. "Lakini mimi silelewi na mkwe. Kila wiki nitakupa sehemu ya bei yake, umpelekee. Usiseme imetoka wapi."

Taarifa ya ukaguzi sikuijaza mpaka nilipompigia Msimamizi simu ya posta na kumweleza wazi, bila kunong'ona. Akauliza, "Taa zinavua?" Nikasema zinavua. "Basi ni biashara," akasema, akakata simu.

Nimestaafu sasa. Nilipanda mpaka nikawa Meneja wa Tawi palepale Mbinga, nikawasimamisha vijana wengine mlangoni waite wateja. Leo mkopo unaingia kwenye simu huku wewe umelala, na ukichelewa simu inawatukana ndugu zako wote. Sisemi ni vibaya. Beseni la maandazi halisubiri mkutano. Ila nikikaa kibarazani nakumbuka zaidi zile safari fupi, kutoka kwenye vichanja vya usipa hadi kibandani kwa mitumba, nikibeba fedha iliyofungwa kwenye pindo la kitambaa kati ya watu wawili wanaopendana na wasiotazamana.

Sehemu ya mwisho ilipofika Gaudensi aliikataa. "Mwambie mama imetosha."

Nikarudi. "Mwambie mkwe sijamuuliza kama imetosha."

Nikapanda tena. "Mwambie mama sipokei."

Nikashuka. "Mwambie mkwe mimi nimeshatoa, haipo kwangu."

Jua lilikuwa kali na miguu inaniuma. Mara ya mwisho nilipofika kibandani, Gaudensi alikuwa ametoka, na mkewe alikuwa amemkalisha mtoto wao wa kwanza juu ya robota. Nikamfumbatisha mtoto ile fedha, nikamwambia mama yake ampeleke kwa bibi, kisha amrudishe kwa baba, wapokonyane wenyewe. Mimi nikaenda kula ugali.